Mariya Takeuchi: yanayosemwa mtandaoni na yalivyo

Mariya Takeuchi ni mwimbaji na mtunzi wa Japani, na wimbo wake unaojulikana zaidi mtandaoni ni "Plastic Love". Hapa kila sehemu inaanza na dai linalosambaa, kisha linafuata jibu.

"Plastic Love" ilivuma Japani tangu siku ilipotoka.
Haikuvuma. Wimbo huo ulitoka kwanza ndani ya albamu ya *Variety*, tarehe 25 Aprili 1984, na iliyopanda hadi namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, ni albamu. Singo ilifuata karibu mwaka mzima baadaye, tarehe 25 Machi 1985, kwenye santuri ya inchi 12, ikaishia nafasi ya 86. Si ajabu: aliyeutaka wimbo alikuwa nao tayari kwenye albamu.

Ile picha nyeusi na nyeupe inayoonekana na wimbo YouTube, msichana akitabasamu, ndiyo jalada la wimbo.
Hili limewapotosha wengi kuliko yote. Picha ni ya singo nyingine kabisa, "Sweetest Music" ya mwaka 1980, na aliyeipiga ni Mmarekani Alan Levenson. Shabiki aliyepandisha wimbo YouTube mwaka 2017 aliichukua tu na kuibandika. Mapendekezo ya YouTube yakausukuma kwa watu ambao hawakuwahi kutafuta muziki wa Japani, ukatazamwa mara milioni nyingi. Mwishoni mwa 2018 video ikaondolewa, na wengi wakailaumu kampuni ya muziki. Kumbe mgogoro ulikuwa wa haki miliki ya picha, si ya wimbo. Mwaka 2019 ikarudishwa.

Kuna jambo jingine: toleo lile la YouTube la karibu dakika 8 limeunganishwa na mashabiki. Lile la kwenye *Variety* halifiki dakika 5, na lile refu la santuri ya inchi 12 linapita dakika 9. Ukinunua albamu ukaona wimbo "umekatwa", haujakatwa. Huo ndio wenyewe.

Video rasmi ya "Plastic Love" ni ya miaka ya 1980.
Ilitengenezwa mwaka 2019. Kwanza kilitoka kipande kifupi, kisha video nzima Novemba 2021. Wanaoonekana humo ni waigizaji.

Mumewe ndiye aliyemtungia nyimbo.
Tatsuro Yamashita, waliyeoana mwaka 1982, ndiye mtayarishaji na mpangaji wa muziki, na mchango wake ni mkubwa: mpigo ule wa gitaa na besi ni kazi ya mikono yake na wapigaji aliowachagua. Lakini maneno na melodia ni vya Takeuchi. *Variety* ndiyo albamu yake ya kwanza ambayo nyimbo zote alizitunga mwenyewe. Kabla ya hapo, tangu alipoanza mwaka 1978, aliimba pia nyingi za watunzi wengine.

Aliandikia waimbaji wengine vilevile. Naoko Kawai alipata "Kenka o Yamete" mwaka 1982, Hiroko Yakushimaru akapata "Genki o Dashite" mwaka 1984. "Eki" aliiandika kwa ajili ya Akina Nakamori, aliyeitoa mwaka 1986, kisha akaiimba mwenyewe kwenye *Request* ya 1987. Zisikilizwe zote mbili, moja baada ya nyingine: Nakamori anaimba kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, Takeuchi anaiachia sauti ijae.

Alikulia Marekani, ndiyo maana Kiingereza chake ni kizuri.
Alizaliwa tarehe 20 Machi 1955 katika mji wa Taisha, mkoa wa Shimane, ambako familia yake inamiliki nyumba ya wageni ya Takenoya, karibu na hekalu kuu la Izumo. Marekani alikwenda akiwa mwanafunzi wa sekondari wa kubadilishana, mwaka 1972, akasoma Rock Falls, Illinois. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo.

Alipotea, intaneti ikamfufua.
Ilimtambulisha ng'ambo, basi. Nyumbani, mkusanyiko wake *Impressions* wa 1994 uliuza nakala zaidi ya milioni 3, na *Expressions* wa 2008 ukaongoza chati. Alichopunguza ni jukwaa: baada ya 1981 hakuzunguka nchi kwa ziara hadi 2014, miaka 33. Runingani pia alikuwa adimu, hata kipindi kikubwa cha muziki cha mkesha wa mwaka mpya cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, kiitwacho Kohaku, alikitokea kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Oktoba 2024 akatoa *Precious Days*, albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya baada ya miaka 10, na mwaka uliofuata akarudi barabarani.