Bunduki ya mazoezi si bunduki iliyoharibiwa

Wakusanyaji wengi wapya wakikutana na Lee-Enfield kuukuu, bunduki ya jeshi la Uingereza, yenye tundu la mtutu la upana wa inchi 0.22 badala ya 0.303, hudhani imechezewa na fundi wa mtaani. Sivyo. Jeshi lenyewe liliagiza mageuzi hayo ili makuruta wajifunze shabaha kwa risasi za bei nafuu, hata kwenye viwanja vifupi vya ndani. Nyingine zilifungwa mtutu mpya. Nyingine, na hizi ndizo zinazonivutia zaidi, tundu la mtutu wa zamani lilipanuliwa, kisha ukapachikwa mrija mwembamba wenye mifuo ya kuizungusha risasi, mbinu ya Parker, mtengenezaji bunduki wa Birmingham. Magazini (kisanduku cha risasi) tupu mara nyingi iliachwa idake maganda ya risasi. Tafadhali msiitupe.