Mauzo ghafi: usiyachanganye na faida, wala na pesa ya till

Kwenye magrupu ya wauza mitumba wa mtandaoni nchini Kenya kuna kauli inayorudiwa karibu kila mwisho wa mwezi: "Mwezi huu sijapata faida, kwa hivyo kodi ya mauzo hainihusu." Atajibiwa na mwenzake, "Hata mimi sijafika milioni tano, kodi ya mauzo ni ya wakubwa." Wote wawili wamekosea, na kila mmoja kakosea kwa njia yake.

Mauzo ghafi ni jumla ya bei ulizouzia bidhaa zako katika kipindi fulani, kabla ya kutoa gharama yoyote. Bei ya robota, nauli ya kwenda soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, bando, mifuko ya kupakia, sabuni ya kufulia, ada ya matangazo, vyote hivyo havigusi hesabu hii. Kodi ya mauzo, ambayo KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) na wafanyabiashara huiita TOT (turnover tax), hutozwa juu ya kiasi hicho. Tangu 1 Julai 2023 kiwango chake ni 3%, na inamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yamezidi au yanatarajiwa kuzidi shilingi milioni 1, bila kupita milioni 25. Ritani hujazwa na kodi kulipwa kupitia iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni) kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao hukuuza kitu unajaza ritani ya sufuri. Ukichelewa kulipa unaongezewa 5% ya kodi hiyo, na riba ya 1% kwa kila mwezi.

Huyo wa pili, wa milioni tano, anazungumzia VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Mkanganyiko huu una historia, kwa hivyo tusimlaumu sana. Kenya ilianza kutoza kodi ya mauzo ya aina nyingine (sales tax) mwaka 1973, na VAT ilipoingia mwaka 1990 ikachukua nafasi yake, lakini jina la zamani likabaki midomoni mwa watu. TOT ilikuja baadaye, mwaka 2008, kwa wafanyabiashara wadogo, ikatulia kwa muda. Mwaka 2019 ikawekwa kando, pakaja kodi ya makadirio ya 15% ya ada ya leseni ya biashara. Januari 2020 TOT ikarudi kwa 3%, Aprili mwaka huo ikashushwa hadi 1%, na Julai 2023 ikapandishwa tena hadi 3%. Ndiyo maana hadi leo utasikia watu wakigombana kama ni moja au ni tatu. Anayesema moja anakumbuka miaka ya korona.

Tofauti yenyewe ni hii. VAT ni ya mnunuzi. Wewe unaikusanya kwa niaba ya serikali, 16% juu ya bei, na unalazimika kujisajili mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa mwaka. TOT ni yako wewe muuzaji, ni aina ya kodi ya mapato, na inatoka katika bei uliyokwisha kuitaja. Kumwambia mteja "ongeza 3% ya kodi" ni kumbebesha mzigo wako. Kuandika "bei bila VAT" na hujasajiliwa VAT ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza. Na hizi mbili hazifukuzani. Anayeuza milioni 8 kwa mwaka anaweza kujikuta analipa zote mbili, na ritani zake ni tofauti.

Sasa tuje kwenye daftari, maana huku ndiko neno "mauzo" linakoharibika kabisa. Wengi huchukua taarifa ya mwezi ya till (namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara), wanasoma jumla ya pesa iliyoingia, wanaiita mauzo. Taarifa ya till inaonyesha pesa, haikwambii pesa hiyo ni ya nini. Mle ndani kuna mteja aliyetuma mara mbili, dada aliyerudisha deni, na mchango wa chama uliopitia hapo kwa sababu simu nyingine haikuwa na chaji. Upande mwingine kuna mauzo ambayo till haikuyaona: mtu aliyelipa taslimu akichukua gauni mwenyewe, na zile fagia (nguo za daraja la mwisho) ulizomuuzia jirani kwa shilingi ishirini ishirini. Hizo nazo ni mauzo. Mkaguzi akikutana na pesa isiyo na maelezo ana haki ya kukuuliza kwa nini asiihesabu kuwa mauzo, na jibu la mdomo halimtoshi.

Kwa hivyo kila oda iandikiwe mstari wake siku ileile, kwenye daftari au Excel: tarehe, namba ya oda, maelezo ya nguo, bei, pesa ya usafirishaji, njia ya malipo pamoja na msimbo wa muamala wa M-Pesa (zile herufi na tarakimu kumi), na namba ya ankara. Maelezo yawe ya kutosha kuitofautisha nguo: "koti la denim, wanaume, L, robota la 12/3". "Koti" peke yake halitakusaidia ukiwa na makoti sitini. Ukifungua robota hesabu vipande vyote, uandike vya daraja la kwanza ni vingapi na fagia ni ngapi. Bila hesabu hiyo huwezi kueleza kwa nini robota lililopita lilikupa elfu arobaini na hili elfu kumi na nane.

Makosa yanayojirudia ni manne. La kwanza ni kamisheni. Ukiuza jaketi kwa 2,000 kwenye jukwaa linalokata 10%, utapokea 1,800, na karibu kila mtu huandika 1,800. Mauzo ni 2,000. Ile 200 ni gharama, kama ilivyo ada ya till. La pili ni usafirishaji: mteja akikulipa wewe 1,800 kwa pamoja, gauni 1,500 na kulifikisha 300, andika 1,800 yote katika ulichopokea. Akimlipa mtu wa boda mwenyewe mlangoni, hiyo 300 haiingii kwako. La tatu ni bidhaa iliyorudishwa. Usifute mstari. Ongeza mwingine wenye kiasi cha kutoa na namba ileile ya oda, pamoja na msimbo wa muamala wa kumrudishia. Akibadilisha blauzi ya 1,200 kwa ya 1,500 na kuongeza 300, toa 1,200, andika 1,500. Ukiandika 300 tu, hesabu ya stoki itakusumbua hadi Desemba. La nne ni kurasa nyingi. Ukiwa na ukurasa wa viatu, mwingine wa nguo za watoto, na kibanda Jumamosi, vyote viko chini ya PIN moja (namba yako ya mlipakodi) na vinajumlishwa pamoja. Kikomo cha milioni 1 ni kama 83,300 kwa mwezi, na hufikiwa mapema kuliko watu wanavyodhani.

Kumbukumbu hizi sheria inataka zihifadhiwe miaka mitano. Gumzo la DM halikai miaka mitano, na SMS za M-Pesa huondoka na simu iliyoibwa. Pakua taarifa ya kila mwezi, uiweke penye nakala ya pili.

Yule asiye na faida naye ana hoja, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Tuseme umeuza 300,000 na ukabaki na 45,000 baada ya gharama. TOT ni 9,000, moja ya tano ya faida yako. Kwa viwango vya kawaida vya kodi ya mapato, baada ya nafuu ya 2,400, ungelipa kama 5,900. Ungebaki na 100,000, hesabu ingegeuka: TOT bado ni 9,000 na ile ya kawaida inapita 22,000. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kuomba utolewe kwenye TOT utozwe kwa faida. Shida ni stakabadhi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) haikubaliwi. Katika mfano wetu, kama robota za 200,000 zilinunuliwa bila ankara, kwenye karatasi faida yako inakuwa 245,000 na kodi ya mwezi inakaribia 66,000. Marekebisho ya mwishoni mwa 2024 yanamruhusu mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5, kwa hivyo kabla ya kuandika barua kwa Kamishna zungumza na anayekuuzia.

Kwa hiyo mtu akisema kwenye grupu "nimeuza elfu arobaini na tano tu", muulize kwa upole kama ndizo alizouza au ndizo zilizobaki. Kama ndizo zilizobaki, ritani ya tarehe 20 inataka ile 300,000.