Unesi wa simu kwa wenye ulemavu wa akili: yanayosemwa mtaani na kazi yenyewe ilivyo

Haipiti wiki sijapata meseji ya aina hii: "Dada, nasikia unafanya unesi ukiwa nyumbani, ni kuongea na simu tu, hebu niunganishe." Sikasiriki, manake hata mimi kabla sijaingia nilidhani hivyo hivyo. Niko Texas, ni nesi wa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, na miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kupokea simu za usiku kutoka kwenye nyumba wanazoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili, wengine wana usonji, wengine mtindio wa ubongo, wengine vyote kwa pamoja. Naipenda hii kazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya na kwa sababu naipenda inaniuma nikisikia inavyoelezwa, so leo wacha niseme yote kwa mara moja.

"Si kazi hiyo, ni kupumzika na simu"

Hapana jamani. Wodini ukiwa na wasiwasi na mtu unaenda kitandani, unagusa tumbo, unasikiliza mapafu, unamwangalia usoni. Huku mikono huna. Mikono yako ni ya yule aliyeko kule nyumbani, tunamwita DSP, ndo anayemwogesha yule mtu, anamlisha, anampa dawa, anamjua hadi wimbo anaoupenda, lakini hajasomea unesi. Kwa hiyo kazi yangu ni kuona kwa macho yake. Namwambia weka simu spika, isogeze karibu na kifua chake, usiseme kitu, na mimi naangalia saa nahesabu pumzi dakika nzima. Dakika nzima ya kimya saa tisa usiku ni ndefu sana. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kama 12 hadi 20, mimi nikifika 30 maswali yanaisha, hiyo ni 911, namba ya dharura ya huku. Kama kuna video naomba washe taa ya juu, na akiwa mtu mweusi naomba wafungue mdomo nione fizi na ndani ya midomo, manake ngozi yetu haikuonyeshi haraka kwamba oksijeni imeshuka.

Na yote hayo unayaandika hapo hapo, nani kapiga, saa ngapi, kasema nini, ulimwambia afanye nini, ulimpigia daktari gani, kwa sababu lisiloandikwa halijafanyika. Ndo maana waajiri wengi wanataka uwe umefanya angalau mwaka mmoja au miwili kitandani kwanza, huwezi kusikia kwa simu kitu ambacho hujawahi kukigusa kwa mkono.

Watu wanauliza pia kwa nini isiwe nesi akae tu hapo nyumbani. Hii inahitaji historia kidogo. Zamani Marekani watu wenye ulemavu wa akili walifungiwa kwenye mataasisi makubwa, na mwaka 1972 televisheni ikaonyesha hali ya Willowbrook kule Staten Island, watu uchi, wamejaa kama mizigo, nchi ikashtuka, na kile kituo kikaja kufungwa 1987. Kati hapo, 1981, Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, ikaruhusiwa kulipia huduma nje ya taasisi, afu 1999 mahakama kuu ikaamua kesi ya Olmstead, wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, kwamba kumweka mtu kwenye taasisi wakati anaweza kuishi mtaani ni ubaguzi. Bas watu wakahamia nyumba za kawaida, watatu wanne kwa nyumba, kuna jikoni, kuna bustani, kuna jirani. Kwa nyumba ya watu wanne huwezi kuweka nesi masaa 24, hela haitoshi na manesi hawatoshi, na hapo ndo simu inapoingia.

"Huyo anafanya vurugu tu, ni tabia yake"

Hii ndo inayoua, na hii ndo nitakaa nayo.

Usiku mmoja kama saa nane simu inaingia. Ni DSP mmoja, mama Mkongo, namjua kwa sauti kwa sababu tumeshaongea mara nyingi, anaanza kwa Kiingereza ila wasiwasi ukimshika anarudi kwa Kiswahili cha kwao. "Mama, huyu mzee anajipiga kichwa kwa ukuta tangu saa mbili, hataki kulala, anatupa vitu, nimupe ile dawa ya kumutuliza?" Mzee mwenyewe ana miaka hamsini na kitu, haongei, hajawahi kutamka neno. Dawa ya kutuliza ilikuwepo kwenye faili, daktari ameiandika, ruhusa ipo, ningeweza kusema sawa mpe nikarudi kwenye chai yangu.

Nikauliza. Amekula? Tangu mchana hajala. Anakunywa? Kidogo. Ametapika? Eeh, jioni kidogo, walidhani ni chakula. Choo mara ya mwisho lini? Kimya, nasikia tu karatasi zinafunuliwa. "Mama, hii karatasi ya choo, siku sita haina kitu." Nikamwambia weka kiganja pole pole hapo kwenye kitovu uniambie unasikia nini. "Iko nguvu kama jiwe," akasema, "na ananisukuma mukono." Tukapiga 911, nikabaki naye kwenye laini hadi gari likafika, afu nikawapigia hospitali niwasomee dawa zake moja moja manake nilijua wakimwona anapiga kelele na wao watasema ni tabia. Utumbo ulikuwa umeziba. Alilazwa siku kadhaa akarudi nyumbani. Ningempa ile dawa angelala, na sisi tungelala, sijui kama yeye angeamka.

Hili kosa lina jina kwenye taaluma tangu 1982, Steven Reiss na wenzake ndo waliliandika, kwamba daktari au nesi akishaona ulemavu anaacha kuona ugonjwa, kila kitu kinafunikwa na ile lebo. Mtu anauma mkono wake, lebo. Hataki kuvaa shati, lebo. Kumbe ni jino, ni sikio, ni mkojo unaochoma, ni bega limeteguka. Uingereza kulikuwa na kijana anaitwa Oliver McGowan, miaka 18, ana usonji na kifafa, mwaka 2016 akalazwa akapewa dawa ya kutuliza akili wakati yeye mwenyewe na wazazi wake walishasema hizo dawa zinamdhuru, akafa. Mama yake Paula hakunyamaza, na leo kuna sheria ya 2022 kule England inayolazimisha wahudumu wa afya wafunzwe kuhusu ulemavu wa kujifunza na usonji, na yale mafunzo yamepewa jina la mwanawe.

Sisi kwenye fani tunazo nne tunazoziogopa kuliko zote na mtu akinipigia hizi nne ziko kichwani kabla sijasema haloo: chakula au mate kuingia mapafuni, upungufu wa maji, kufunga choo, na kifafa. Ukiziangalia unaona si magonjwa ya ajabu, hata kufunga choo mtu anacheka. Ila dawa nyingi wanazomeza, klozapini, benztropini na nyinginezo, zinapunguza mwendo wa utumbo, afu mtu yuko kwenye wiliche siku nzima, afu hawezi kukwambia tumbo linauma. Kifafa angalau kina mpango ulioandikwa, mtu akipita dakika tano hajatulia unafuata mpango wake, dawa ya kunyunyizia puani kama anayo, na 911. Kuna pia wale wenye Prader-Willi, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu asishibe, hao wengi hawasikii maumivu kama sisi na kutapika kwao ni nadra sana, kwa hiyo nikiambiwa mmoja wao katapika mara moja tu mimi sisubiri ya pili.

"Ni wagonjwa wa akili hao"

Hivi ni vitu viwili tofauti, tusivichanganye. Ulemavu wa akili unaanza mtu akiwa bado anakua, unagusa jinsi anavyojifunza na kujitegemea, hauponywi na dawa kwa sababu si ugonjwa. Skizofrenia au sonona ni ugonjwa, una matibabu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kama vile mtu anaweza kuwa mfupi na kisukari. Na mtindio wa ubongo ni shida ya misuli na mwendo, wapo wengi wenye nao ambao akili yao haina shida hata kidogo, anakusikia vizuri unavyomsema mbele yake, mdomo ndo haumtii. Marekani mwaka 2010 Obama alisaini sheria inayoitwa kwa jina la Rosa, binti mdogo wa Maryland mwenye Down sindromu, ikaondoa lile neno la zamani la dharau kwenye sheria za nchi. Sisi kwa Kiswahili bado tunasema taahira, punguani, zezeta, mbele ya mama yake mtu. Nesi akilitumia kwenye simu na mimi namsahihisha hapo hapo, sijali ana cheo gani.

"Kwani si wote ni watoto? Hawaishi sana"

Zamani ilikuwa karibu na kweli. Marekani mwaka 1983 mtu mwenye Down sindromu alikuwa anaishi kama miaka 25, leo ni karibu 60, sababu kubwa ni upasuaji wa moyo (karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo) na kutoka kwenye yale mataasisi. So wengi ninaowahudumia ni wazee, na uzee wao una mambo yake. Kromosomu ya 21 waliyo nayo ya ziada inabeba jeni inayohusika na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa hiyo demensia inawashika mapema, miaka hamsini na kitu hivi, wakati mwingine kabla. DSP ananiambia "siku hizi amekuwa mkaidi, hataki kuingia bafuni," nami nauliza amesahau njia ya chumba chake? anaamka usiku? tezi ya shingo ilipimwa lini? manake hata tezi ikifanya kazi kidogo mtu anakuwa mzito akili na mwili, na hiyo ina dawa.

Na ongea nao kama watu wazima. Kama anaweza kusema, namwomba DSP ampe simu, namsalimu kwa jina lake, namuuliza yeye kwanza.

"Naweza kuifanya nikiwa Nairobi au Dar, mradi nina intaneti"

Hapa nitakuvunja moyo lakini bora mimi kuliko tapeli. Leseni inayohesabika ni ya jimbo alipo mgonjwa, si ulipo wewe. Kuna mkataba wa majimbo zaidi ya 40 ambao leseni moja inakufungulia yote, Texas imo, California na New York hazimo, ila hiyo leseni inatolewa kwa anayeishi kwenye mojawapo ya hayo majimbo. Kabla ya hapo kuna NCLEX, ule mtihani wa kupata leseni ya unesi, na vyeti vyako vya nyumbani kukaguliwa. Afu pesa za hawa watu karibu zote zinatoka Medicaid, na sheria ya afya ya 2010 inakataza majimbo kutuma malipo ya Medicaid kwa taasisi iliyo nje ya Marekani. Mwajiri hatachukua hiyo riski.

So ukipata ujumbe kwamba kuna kampuni inaajiri manesi wa onlaini kutoka Afrika, hakuna intavyuu, mshahara mnono, tuma kwanza hela ya usajili au ya laptopu, kimbia. Kuna na ile ya kukutumia cheki uiweke benki ununue vifaa na salio uwarudishie. Cheki inarudi baada ya wiki, deni linabaki kwako. Rafiki yangu mmoja alipoteza akiba ya miezi minne hivyo.

"Haina mbele hiyo"

Ina. Kuna chama cha manesi wa fani hii Marekani tangu 1992, DDNA, kinatoa cheti cha CDDN kwa RN na kingine kwa LPN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, unakipata ukishakuwa na uzoefu wa kutosha na hawa watu. Kuna wanaoandika mipango ya afya ya mtu mmoja mmoja, wanaofunza DSP, wanaokagua nyumba. Mshahara wa wodini unaweza kuwa mkubwa zaidi, sikudanganyi, hasa ukihesabu ovataimu.

Mpwa wangu yuko Ohio anasomea unesi, naye alitaka niseme naye kwa bosi. Nikamwambia kwanza kafanye DSP, hata miezi sita, ulishe, uogeshe, ujaze ile karatasi ya choo kwa mkono wako. Alinuna kidogo. Juzi usiku kanitumia ujumbe, anaandika haraka haraka herufi zinarukana: aunti kuna baba mmoja hapa kila akinywa chai anakohoa, akila uji hakohoi, na sauti yake baada ya chai inakuwa kama ina maji ndani, wenzangu wanasema ndo kawaida yake. Nikamjibu weka kikombe chini, asilale chali, mkalishe wima, mpime joto uhesabu na pumzi dakika nzima, piga simu kwa nesi wenu sasa hivi umwambie maneno hayo hayo uliyoniandikia, hasa ya sauti, manake huenda ile chai inaingia mapafuni.