Mchezaji wa kulipwa: mfano wa Pudge Heffelfinger

Mchezaji wa kulipwa ni yule anayepokea ujira kwa kucheza kwenyewe. Nauli na malazi havihesabiki, maana hata mchezaji wa ridhaa hugharamiwa hivyo. Marekani ya miaka ya 1890, klabu iliyobainika kumlipa mchezaji ilijiweka hatarini kuadhibiwa na wasimamizi wa michezo ya ridhaa. Ujanja ukazaliwa: mchezaji alitunukiwa saa ya dhahabu baada ya mechi, akaiweka rehani, fedha akatia mfukoni. Saa ikakombolewa, na wiki iliyofuata akatunukiwa ileile. Kwa maandishi, hiyo ilikuwa tuzo tu!

Katika futiboli ya Kimarekani, wa kwanza anayejulikana kwa ushahidi kulipwa waziwazi kwa kucheza ni William "Pudge" Heffelfinger. Alizaliwa Minneapolis mwaka 1867, akang'ara Chuo Kikuu cha Yale kwenye safu ya mbele, na kuchaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo miaka mitatu mfululizo, 1889 hadi 1891. Tarehe 12 Novemba 1892 klabu ya Allegheny ilimchukua kwa mechi moja tu dhidi ya mahasimu wao, Pittsburgh. Wapinzani walipomwona wakagoma, na mechi haikuanza mpaka dau za kamari zilipofutwa. Heffelfinger aliuokota mpira ulioponyoka, akachanja mbuga nao hadi mstari wa mwisho. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira huko, wakati huo ilikuwa pointi 4, na mechi ikaisha 4-0.

Ushahidi wenyewe ni karatasi ya mahesabu ya Allegheny. Mapato: dola 1,683.50. Miongoni mwa matumizi: kodi ya uwanja 50, hoteli 9. Heffelfinger ana 25 za gharama, sawa na wenzake wawili walioalikwa. Halafu unafuata mstari wake peke yake: dola 500 taslimu, kwa kucheza. Zile 25 angeweza kuzipokea akabaki wa ridhaa. Hizi 500 hazina jina jingine. Na klabu bado ilibaki na faida ya dola 621, kwa hiyo sioni kama walipata hasara kumleta.

Karatasi hiyo ilikuja kujulikana miaka ya 1960, Heffelfinger akiwa amefariki tangu 1954. Kabla ya hapo sifa ya kuwa wa kwanza alipewa John Brallier, aliyelipwa dola 10 na timu ya Latrobe mwaka 1895.