Watoto wa Mji Mkongwe na Kuta za Nyumba Zao

Masika ndiyo msimu ambao sisi tunaoshughulikia uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hupokea malalamiko mengi zaidi: lipu imeanguka, ukuta umefura, jirani amevunja baraza la kukalia lililo mbele ya nyumba, fundi amesimamishwa kazi na mwenye nyumba hajui kwa nini. Katika kuyafuatilia nimeona mara nyingi kwamba mtu pekee ndani ya nyumba aliyeuliza swali la maana ni mtoto.

"Kwa nini ukuta unatoka jasho?" aliniuliza mwanafunzi mmoja wa darasa la tano, kiganja chake kikiwa ukutani katika nyumba iliyokuwa imepigwa lipu ya saruji miaka miwili kabla. Alipoondoa mkono, chembe nyeupe zilikuwa zimemganda vidoleni. Alizionja kabla sijamkataza, akasema ni chumvi.

Alikuwa amefika kwenye kiini cha jambo ambalo wazazi wake walikuwa wakilibishia tangu asubuhi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kidogo kidogo kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga saruji umeiziba njia hiyo. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke, na ncha za boriti za mikoko zilizochimbiwa ukutani huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Tunaambiwa kila siku kwamba saruji ni imara zaidi. Ni ngumu zaidi, na ugumu huo ndio unaoudhuru ukuta uliojengwa kwa vitu laini kuliko yenyewe. Hili tumelieleza kwa miaka, na bado mifuko ya saruji inapandishwa ngazi usiku.

Ndiyo sababu napendekeza kwamba historia ya mji huu ianze kufundishwa kwenye nyumba, na orodha ya masultani ifuate baadaye. Mpeni mtoto kamba apime upana wa vyumba vya ghorofani. Atakuta vingi ni vyembamba, takriban mita 3, ilhali urefu hubadilika kila nyumba, na atauliza kwa nini. Jibu lipo juu ya kichwa chake: boriti ya mkoko haivuki mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo mti uliokatwa kwenye maji ya chumvi ndio uliopanga sebule ya tajiri na chumba cha mtumishi kwa kipimo kimoja. Mlangoni atakuta vizingiti ambavyo baadhi yake vimechongwa aya na mwaka wa Hijria, na aliyepita chuoni, yaani madrasa, ataweza kumsomea mwalimu wake.

Jumba la Maajabu linahitaji uangalifu zaidi. Lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Sayyid Barghash, likanusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita ambavyo havikufikisha saa moja, kisha sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Mtoto aambiwe yote matatu. Vivyo hivyo mtaa wa Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa mahali pake: mwanafunzi wa miaka kumi anaweza kuelezwa kwamba watu waliuzwa hapa, mradi aelezwe pia kuwa walikuwapo waliouza, walionunua na waliofaidika kutoka pande nyingi, na asiondoke akidhani lawama ni ya jirani yake wa leo.

Sasa nirudi kwa watu wazima. Kuingizwa kwa Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 hakukumpa UNESCO hati ya nyumba yoyote, wala hakumaanishi kwamba kuna fungu huko Paris linalosubiri kuezeka paa lako. Nyumba ni ya mwenyewe, ya Serikali au ya wakfu, na wajibu wa kuitunza unafuata umiliki huo. Mpangaji wa nyumba ya wakfu aanzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu fundi aliyeitwa na mpangaji bila idhini ya mmiliki hana pa kusimama hata kama kazi yake ni nzuri.

Kibali huombwa kabla ya kazi, na kazi ni pamoja na kupiga lipu upya, kubadilisha mlango au dirisha, kuongeza ghorofa, kuvunja baraza na kutundika bango. Ombi liambatane na uthibitisho wa umiliki, picha za hali ilivyo, mchoro wa kinachokusudiwa na maelezo ya vifaa vitakavyotumika. Andika "chokaa" ikiwa ni chokaa, kwa maana neno "ukarabati" peke yake halimwelezi mkaguzi lolote. Ukuta unaochangiwa na jirani ushughulikiwe kwa ridhaa ya jirani, iliyoandikwa. Kibali kikitoka, nakala yake ikae kwenye eneo la kazi. Anayeanza bila kibali hujiweka katika hatari ya kusimamishwa, kutakiwa kurudisha jengo lilivyokuwa kwa gharama zake mwenyewe na kufikishwa mbele ya sheria, na kauli ya "fundi ndiye aliyeniambia" hatuipokei kama utetezi.

Kwa walimu wakuu wa skuli: ziara ya nyumba inayokaliwa na watu hufanyika kwa ruhusa ya wenyeji wake, si kwa barua yenu kwetu pekee. Pitieni kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Leteni watoto kwa makundi madogo, kumi kumi, kwa sababu ngazi za zamani ni nyembamba na sakafu za boriti hazikukusudiwa kubeba darasa zima linalorukaruka. Njooni na kamba ya kupimia, na muwaonye watoto mapema kuhusu kuonja kuta.