Ziada ya China sio mishahara midogo jamani

Wateja wangu wengi wanaagiza mzigo Guangzhou na Yiwu, na kila tukikaa kwenye hesabu lazima mmoja aseme "Mchina ana ziada ya biashara, yaani anauza nje kuliko anavyonunua, kwa sababu analipa watu wake kiduchu". Hii nimeichoka. Kama ni mshahara mdogo, mbona Bangladesh inayoshonea dunia nzima ina nakisi (inanunua nje kuliko inavyouza) miaka nenda rudi, na Ujerumani yenye mishahara minono ina ziada ya bidhaa kila mwaka tangu 1952?

Ziada inakuja nchi ikizalisha kuliko inavyotumia na kuwekeza kwao, kinachobaki lazima kitafute mnunuzi nje. Kule China matumizi ya kaya ni kama asilimia 40 tu ya pato la taifa, Marekani ni karibu 68. Sasa kwa nini hawatumii? Fungu kubwa la pesa linabaki kwa makampuni na serikali (mshahara unahusika hapa tu, ukiwa mdogo kuliko anachozalisha mtu), halafu riba za benki zilibanwa miaka mingi viwanda vikope kwa bei chee, mwenye akiba ndo akaumia, na mtu wa kijijini akihamia mjini ule usajili wake wa makazi, hukou, unabaki kijijini, kwa hiyo shule za watoto na matibabu ya mjini ni kuhangaika, anadunduliza hata kama hataki. Tangu 2021 biashara ya nyumba imedorora, uwekezaji wa majengo umepungua, kinachobaki kikaongezeka, na 2024 ziada ya bidhaa ikagusa karibu dola trilioni 1.

Eti ni yuan, pesa ya China, kushushwa thamani makusudi ili bidhaa zao ziwe rahisi nje? Dola moja ilikuwa yuan 8.28 hadi 2005, ikafika kama 6 mwanzoni mwa 2014, yaani yuan ilipanda na ziada haikuisha.

Ushuru wa Trump wa 2018 kwa bidhaa za China nao haukuimaliza, mwaka ule ilikuwa kama dola bilioni 350, linganisha na hiyo ya 2024. Mzigo mwingine unazungukia Vietnam kuukwepa ushuru huo.

Na anayesema Mchina hanunui nje, ananunua sana tu, kuna miaka chipu za kompyuta na simu zinamla hela kuliko mafuta ghafi.

"Ziada ndo utajiri"? Marekani ina nakisi kila mwaka tangu 1976, nani kamuita maskini?

Kwa hiyo ukitaka kujua kama ziada ile itapungua, achana na mshahara wa kiwandani, niulize pensheni za vijijini kule zimeongezwa kiasi gani, maana mwenye uhakika wa pensheni hana haja ya kudunduliza sana, anatumia.