Masharti ya kubadilishana wachezaji kwenye fantasi ya besiboli

Aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa kuunda timu yako ya kubuni kwa wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayofanya uwanjani, akihamia ya besiboli, atakwama mahali pamoja kabla hata hajamjua mrushaji wala mpigaji. Kule kwenye soka, mimi na wewe tunaweza wote kuwa na Haaland. Kila mtu ana milioni zake 100, anasajili wachezaji 15, hakuna anayemziba mwenzake. Kwenye ligi nyingi za besiboli mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Mnakaa siku ya kuchagua, mnataja majina kwa zamu, na ukishamtaja mpigaji Aaron Judge wa timu ya Yankees, ndiyo ametoka sokoni. Nikimtaka, inabidi nije kwako tupatane: nikupe nani, unipe yeye.

Mapatano hayo ndiyo mabadilishano. Masharti yake ni zile kanuni ambazo ligi inajiwekea: dirisha linafungwa lini, nani anaidhinisha, na kitu gani hakiruhusiwi kuwekwa mezani.

Sisi hapa Mtwara tulianza watu wanane, barazani Shangani, bila kanuni hata moja. Tunajuana, tukasema. Mechi inayoanza saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku, hivyo matokeo tulikuwa tunayasoma asubuhi na chai, na mpaka Julai mambo yalikuwa shwari. Kisha jamaa aliyekuwa anaburuza mkia akamwachia shemeji yake warushaji wawili wazuri, yeye akachukua mpigaji aliyekuwa kwenye orodha ya majeruhi. Shemeji alikuwa nafasi ya pili. Baraza likawaka moto wiki nzima.

Mtu wa kusini hahitaji kufafanuliwa sana kwa nini hilo ni tatizo. Kangomba tunaijua. Mkulima amebanwa na ada ya shule kabla ya msimu, anakuja mtu anampa pesa kidogo leo, korosho zikikauka anazibeba kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyeshikiwa panga, wote wawili wamekubali, ila kilichofanyika gizani kinawaumiza na wengine. Ndiyo maana korosho zikapelekwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, kwa stakabadhi ghalani. Mnada haukukatazi kuuza, unakutaka uuze mbele ya watu.

Sasa, nani awe na uwezo wa kusema mabadilishano haya yamekataliwa? Ligi nyingi huwapa wanachama wote kura: wakipinga wa kutosha ndani ya siku mbili hivi, dili linakufa. Nyingine humwachia kamishna, yaani msimamizi wa ligi. Mimi siipendi kura. Aliye nafasi ya kwanza atapinga dili lolote linalomwimarisha aliye nyuma yake, hata liwe la haki kama mizani ya ghalani, na ataliita la kubebana.

Na dili la haki mara nyingi halionekani la haki. Ligi za kawaida huhesabu mambo matano kwa wapigaji: wastani wa kupiga, homurani (mpira ukipigwa hadi nje ya uzio), wenzako unaowawezesha kukamilisha mzunguko kwa pigo lako, mizunguko unayoikamilisha mwenyewe, na kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe). Warushaji nao wana matano yao. Kama nina homurani za kumwaga lakini besi za kuiba sina kabisa, kumtoa mpigaji mwenye jina kubwa nikachukua kijana mwenye mbio ambaye hamumjui si wazimu. Nimeuza ziada, nimenunua upungufu.

Besiboli yenyewe, ile ya uwanjani, ilishapitia hili. Juni 1976 Charlie Finley, mwenye timu ya Oakland, aliwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston, dola milioni 1 kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, akayafuta mauzo yote, akisema hayana maslahi kwa mchezo. Finley akaenda mahakamani, akashindwa. Kwa hiyo kamishna kuwa na rungu si jambo geni. Swali ni alipige wapi. Kwa maoni yangu alipige kwenye njama tu, si kwenye ujinga. Awaulize wote wawili, kila mmoja peke yake: hapa unapata nini? Mwenye jibu la kueleweka aachwe, hata kama amepunjwa. Aliyepunjwa kwa akili yake mwenyewe atajifunza mwakani. Na dili la kamishna mwenyewe liamuliwe na mtu mwingine, aliyetajwa kabla msimu haujaanza.

Dirisha la kufunga ni sharti rahisi, lakini ndilo linaloziba tundu kubwa kuliko yote. Kwenye ligi kuu ya Marekani mabadilishano hufungwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni kabisa mwa Agosti, na tangu 2019 ule mlango wa uani wa Agosti, wa kubadilishana hata baada ya dirisha kufungwa, nao umefungwa. Fantasi nyingi husogeza mpaka katikati ya Agosti, kwa sababu zile zenye mtoano huuanza Septemba. Ukiliacha dirisha wazi mpaka mwisho, wa mkiani ambaye hana cha kupoteza anageuka ghala la rafiki zake.

Mambo hubadilika kwenye ligi ambazo unabaki na wachezaji kadhaa hadi mwaka unaofuata. Hapo wa mkiani kumtoa nyota wa leo ili apate chipukizi wa kesho ni mkakati halali, kama timu zenyewe zinavyofanya. Ligi hizo huweka kikomo, kwa mfano idadi ya nyota unaoweza kuwatoa kwa mkupuo mmoja.

Lipo na sharti la kutorudishiana: ukimtoa mchezaji, usimpate tena kutoka kwa mtu yule yule msimu huo. Bila hilo watu huazimana, nipe wako wiki hii wangu akiwa anauguza bega, nitakurudishia. Hata uwanjani limetokea: mwaka 1962 mchezaji Harry Chiti alitoka timu ya Cleveland kwenda ya Mets kwa ahadi kwamba Mets watatoa mchezaji atakayetajwa baadaye. Aliyetajwa baadaye akawa Chiti mwenyewe, akarudi alikotoka. Alibadilishwa kwa Chiti.

Kuhusu pesa hakuna mjadala. Wachezaji kwa wachezaji, basi. Si vocha, si kusameheana deni, si kilo ya korosho zilizobanguliwa.

Msimu uliofuata tuliandika yote kwenye karatasi moja, tukasaini kabla ya kuchagua. Mashemeji wamo wote wawili. Juzi wamepeleka dili lingine kwa kamishna, mpigaji kwa mpigaji, na siku mbili za kulikagua zinaisha kesho saa kumi na mbili jioni. Nimelitazama mara tatu. Naona halina ubaya wowote, na mimi ndiye niliye nafasi ya kwanza.